Meno ya bandia kwa watu wa Mwanza: mwongozo kamili, kuanzia kung'oa mpaka unakula sato bila wasiwasi

Huku kwetu, kuanzia Igoma mpaka Ukerewe, kuna watu kibao waliong'oa meno kitambo wakaamua kukaa hivyohivyo, wakicheka wanaziba mdomo na kiganja, nyama ikija mezani wanawasogezea wajukuu wenyewe wanabaki na mchuzi. Ukimuuliza mtu kwa nini asiweke meno anakwambia yale ya bandia yanasumbua, mama fulani aliweka akaishia kuyafungia kabatini. Na ni kweli yapo mengi yamelala makabatini, ila ukifuatilia vizuri unakuta mara nyingi mtu alipimwa haraka haraka, akapewa, akalipa, yakaanza kumchoma, na hakurudi tena. Meno ya bandia ni kitu cha kurudi kwa daktari, unarudi wakati yanatengenezwa na unarudi baada ya kuyavaa, na asiyekuwa tayari kurudi bora asitoe hela yake kwanza. Nayaandika haya kwa sababu nimesimamia ya mama yangu mzazi kuanzia kung'oa mpaka anatafuna, na naona watu wanapoteza hela kwa vitu ambavyo wangeambiwa mapema visingetokea.

Aina zipo nyingi, na sio zote ni zako

Kuna meno ya kuvaa na kutoa, haya ndio watu wengi wanayaita meno ya bandia. Kama taya zima halina jino unawekewa seti nzima, kama yamebaki baadhi unawekewa kipande kinachojaza mapengo tu, kinashikiliwa na vikulabu vya waya kwenye meno yako yaliyobaki. Ya kawaida na ya bei nafuu ni ya akriliki, ile plastiki ngumu ya pinki, na uzuri wake ni kwamba yanarekebishika, yakivunjika yanaungwa, ukipoteza jino lingine linaongezwa palepale. Yapo ya fremu ya chuma, membamba, magumu, hayajazi mdomo sana, mazuri kwa mtu mwenye mapengo ila meno yaliyobaki yawe mazima, na bei yake imepanda. Alafu kuna yale laini yanayopinda, hayana waya, watu wanayapenda kwa sababu hayaonekani ukicheka. Mimi kwa pengo la meno mawili matatu sina shida nayo, ila kwa mapengo makubwa siyapendekezi, kwa sababu yakianza kulegea ni magumu kuyarekebisha na kuongezea jino jipya ni shughuli, mara nyingi unaanza upya.

Kwa wasiotaka ya kutoa kuna daraja, yaani jino la katikati linabebwa na meno mawili ya pembeni ambayo lazima yachongwe kwanza. Kama hayo ya pembeni ni mazima kabisa fikiria mara mbili, jino likishachongwa halirudi. Na kuna implanti, skrubu ya titani inayopandikizwa ndani ya mfupa, inaachwa miezi kadhaa ishikane na mfupa alafu jino linafungwa juu yake. Ni nzuri sana, gharama yake ni kubwa sana, na sio kila taya lina mfupa wa kutosha. Ila kama una mzee hana jino hata moja chini na familia inaweza kuchanga, muulize daktari habari ya implanti mbili tu za mbele za kushikia seti ya chini, maana seti ya chini ndiyo inayowatesa watu. Ya juu inafunika kaakaa lote na inajishika kwa kunyonya hewa, ya chini imekalia ukingo mwembamba wa fizi na ulimi unaisukuma kila ukiongea, inaelea kama mtumbwi usiofungwa.

Usikimbilie kung'oa yote

Kuna wazee wanafika kwa daktari wanasema ng'oa yote niweke mapya kabisa, nimechoka nayo. Hapana. Jino zima, hata likiwa peke yake, hasa chonge, linashikilia mfupa wa taya usiishe na linasaidia kushika meno utakayowekewa, kwa hiyo likiweza kuzibwa lizibwe. Yanayong'olewa ni yale yanayocheza, yenye usaha, na mizizi iliyobaki ndani ya fizi baada ya jino kukatika. Hiyo mizizi watu wanaisahau kwa sababu haiumi, ndio maana eksirei ni muhimu, ukivalishwa meno juu ya mzizi uliooza siku moja fizi inavimba na kazi yote inaharibika.

Siku ya kung'oa mwambie daktari magonjwa yako yote na dawa zote unazotumia, usichague. Kisukari kinachelewesha kidonda kupona na kinaleta fangasi mdomoni kirahisi. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au umewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa, aseme yeye namna ya kung'oa, wewe usiache dawa kwa uamuzi wako. Na kama unavuta sigara, kipindi hiki jitahidi upumzike, kidonda cha fizi na moshi havipatani.

Baada ya kung'oa fizi inafunga vizuri kwa wiki 6 mpaka 8 hivi, ila mfupa chini yake unaendelea kusinyaa, unasinyaa zaidi miezi 6 ya mwanzo na mpaka mwaka, alafu polepole maisha yako yote. Maana yake ni nini, ukipimwa mapema sana meno yatalegea mapema. Kama huwezi kukaa bila meno, labda ni mwalimu au unaimba kwaya, unaweza kutengenezewa ya muda, vipimo vinachukuliwa kabla ya kung'oa na unavalishwa siku ileile unayong'olewa. Hayo ya siku ileile usiyatoe saa 24 za mwanzo, maana ukiyatoa fizi ikavimba hayaingii tena, na ujue toka mwanzo kwamba baada ya miezi michache yatahitaji kujazwa upande wa ndani au kutengenezwa mengine. Uliza gharama hiyo kabla, isije ikaonekana unadaiwa mara mbili.

Kwa nani

Mjini Mwanza huduma za meno zipo hospitali ya Bugando, zipo hospitali ya Sekou Toure, na kliniki binafsi ziko nyingi katikati ya mji na maeneo mengine. Mimi sikuchagulii, ila popote utakapoenda uliza haya: daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? Meno yanatengenezwa hapohapo au yanapelekwa maabara nyingine, na yakihitaji marekebisho yanachukua muda gani? Nitarudi mara ngapi? Bei ni ya kila jino au ya taya zima, na je marekebisho ya baada ya kuvaa yamo humohumo? Bima yangu inalipa nini na hailipi nini? Andika majibu, omba risiti. Daktari mzuri hakasiriki kuulizwa, na akikwambia vipimo leo meno kesho seti nzima juu na chini, hakuna kurudi, mimi ningeshukuru nikaondoka.

Alafu kuna wale wa mitaani na minadani wanaokuwekea jino papo hapo, anachanganya unga na maji yake yenye harufu kali anabandika kwenye pengo, inagandia kwenye meno ya jirani. Tafadhali sana. Ile plastiki ikiwa inaganda inatoa joto linaweza kukuunguza fizi, na ikishaganda haitoki, chakula kinajikusanya chini, fizi inaoza, unapoteza na yale meno mazima mawili uliyokuwa nayo. Mtu aliyewaendea akitafuta jino moja anaishia na mapengo matatu. Ni bei rahisi siku ya kwanza tu.

Wanaotoka mbali wapange safari mapema. Watu wa Sengerema na Geita siku hizi wana daraja la Kigongo-Busisi lililofunguliwa 2025, kwenda na kurudi siku moja inawezekana. Wa Ukerewe na visiwa vingine inabidi uendane na ratiba ya meli, kwa hiyo mwambie daktari mapema kwamba unatoka visiwani, akuunganishie hatua mbili karibu karibu, na kama una ndugu Kirumba au Nyakato omba ulale wiki ile ya kwanza ya kuvaa, maana ndiyo wiki utakayomhitaji daktari kuliko zote.

Siku za vipimo

Siku ya kwanza ya vipimo unakaa wima, daktari anachanganya unga na maji unakuwa uji mzito, anaujaza kwenye trei anaukandamiza mdomoni dakika mbili tatu mpaka ugande. Wengi wanataka kutapika hapa. Usile sana kabla, inamisha kichwa mbele kidogo, pumua kwa pua polepole, nyanyua kidole cha mguu mmoja ukikazie akili, inasaidia kweli. Kile alichotoa kinamiminiwa plasta wanapata nakala ya taya lako.

Kwa seti nzima unarudi tena kwa kipimo cha pili, trei hii imetengenezwa kwa ajili yako peke yako, na daktari anakuambia vuta midomo, sema aaa, toa ulimi, peleka kulia kushoto. Fanya kweli usione aibu, ndivyo kingo za meno zinavyojua ziishie wapi zisije zikachoma misuli ya shavu na chini ya ulimi.

Safari inayofuata unauma nta. Anapima urefu wa uso wako ukiwa umepumzika, anachora mstari wa katikati, anaangalia ukicheka mdomo unapanda mpaka wapi. Urefu huu ukikosewa utajuta: yakiwa marefu sana yanagongana ukiongea na taya zinachoka, yakiwa mafupi kidevu kinasogelea pua na pembe za mdomo zinajikunja zinapata vidonda. Hapa pia unachagua rangi, anakuletea vimeno vya sampuli. Chagueni karibu na dirisha kwa mwanga wa jua, sio chini ya taa, na usichague nyeupe pe kama una miaka 60, kila mtu atajua. Na rangi ya fizi nayo uliza, fizi zetu wengi zina weusi weusi, ile pinki ya kung'aa ukicheka inaonekana toka mbali, kama maabara ina rangi iliyokolea waombe waitumie.

Sasa siku ya kujaribisha kwenye nta, hii ndiyo siku yako. Meno yanakuja yamepangwa vizuri juu ya nta, hayajawa akriliki bado, kila kitu kinabadilishika kwa kisu chenye moto kidogo. Ikipita siku hii inapikwa inakuwa ngumu na kubadilisha ni kuanza upya. Ila watu wengi wanaona haya mbele ya daktari, wanatikisa kichwa, ni mazuri daktari, asante daktari, wanaenda kulalamikia nyumbani.

Mama yangu alipovalishwa ya nta alishika kioo akakaa kimya muda mrefu. Daktari akamuuliza, "Mama, vipi, umeyapenda?" Akasema mazuri baba. Nikamwambia mama sema ukweli, bado hayajaisha. Ndio akasema kwa sauti ya chini, "Ni mazuri ila sio mimi huyu. Mimi nilikuwa na mwanya." Daktari akamwambia mbona hukusema mapema mama yangu, akayatoa, akapasha kisu kidogo kwenye moto, akasogeza meno mawili ya mbele kila moja upande wake kiasi cha unene wa kadi ya simu, akamrudishia. Yule mama hakurudisha kioo mpaka tumeondoka. Na mwanya uko mpaka leo. Kwa hiyo nenda na mtu anayekujua vizuri, beba picha ya zamani ukiwa unacheka, ile ya harusi au ya kitambulisho hata kama imefifia, daktari anaona umbo la meno yako yalivyokuwa.

Ukiwa na ya nta mdomoni hesabu kwa sauti sitini mpaka sabini, useme fulani, vifaranga, umsalimie mtu mwangaluka kama unavyosalimia siku zote. Sauti ya s ikitoka na filimbi au f isipotoka, sema. Angalia ukicheka, angalia kwa ubavu, midomo isivimbe mbele wala isidumbukie. Uma taratibu, pande zote zikutane pamoja. Ukiridhika ndio useme ndiyo.

Wiki za mwanzo

Ukikabidhiwa, utahisi mdomo umejaa na mate yatakuwa mengi sana siku za mwanzo, hiyo ni kawaida, yanapungua. Soma kwa sauti, gazeti au Biblia au Kurani, chochote, kila siku kidogo, ulimi unajifunza nafasi yake mpya.

Kuchoma kutakuwepo, karibu kila mtu anapata kidonda sehemu moja au mbili. Hapa ndipo meno yanapoenda kabatini. Usichonge mwenyewe na kisu wala msasa, usiyatupe. Rudi. Ila kuna jambo moja wengi hawaambiwi: kama yanauma sana yatoe upumzike, lakini siku ya kwenda kwa daktari yavae kuanzia siku moja kabla au angalau asubuhi yake, ili ile alama nyekundu ionekane. Ukifika fizi imeshapona daktari hajui akwangue wapi, akikwangua kwa kubahatisha anaondoa sehemu iliyokuwa inashika vizuri. Mama alirudi na mstari mwekundu mwembamba chini ya ulimi kama uzi, daktari akakwangua ukingo pale pale kidogo tu, na maumivu yakaisha siku ileile.

Gundi ya kushikia meno ipo madukani, sio mbaya kwa kiasi kidogo, ila kama unahitaji nyingi kila siku ujue hayakukaa au taya limesinyaa, yapeleke.

Kula

Anza na uji, ndizi za kupika, ugali laini na mlenda, dagaa wa mchuzi, michembe iliyochemshwa ikalainika. Kata vipande vidogo, tafuna pande zote mbili kwa pamoja, weka kidogo kulia kidogo kushoto, ukitafunia upande mmoja upande wa pili unanyanyuka. Usiume kwa meno ya mbele, ukiuma embe au muhindi wa kuchoma kwa mbele seti inachomoka nyuma, pukuchua na kata. Miwa sahau ya kumenya kwa meno, kamua unywe. Karanga zinaingia chini ya seti zinachoma, zisage.

Na sato, hapa nawaomba muwe makini kweli kweli. Seti ya juu imefunika kaakaa, na kaakaa ndilo lililokuwa linakuambia kuna mwiba na chakula ni cha moto. Sasa hulisikii. Mtu amekula samaki ziwani miaka 50 anajiamini, mwiba unapita kimya unaenda kukwama kooni. Miezi ya mwanzo chambua kwa vidole kwanza, au kula mnofu wa sangara usio na miiba, na chai na ugali wa moto pima kwa mdomo wa nje kwanza.

Usitegemee nguvu ya zamani. Meno ya kuvaa hayafikii nguvu ya meno yako mwenyewe, hasa seti nzima, lakini nyama iliyoiva vizuri utakula, na wengi wakifika mwezi wa pili wa tatu wanakula karibu kila kitu cha nyumbani.

Usafi

Kila baada ya kula yatoe usuuze. Usiku yatoe, fizi ipumzike, yasugue kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida, sio dawa ya meno yenye chembe, sio majivu, mkaa wala mchanga, vinayachubua na uchafu unajificha kwenye michubuko. Yasugulie juu ya beseni lenye maji au taulo, yakidondoka kwenye sakafu ya saruji yanapasuka. Yalaze kwenye kikombe cha maji safi ya kunywa yaliyopoa, chenye mfuniko, mbali na watoto na mbwa. Maji ya moto kamwe, akriliki inapinda. Ya fremu ya chuma usiweke kwenye jiki. Na usisahau fizi na ulimi, visafishe kwa kitambaa safi au mswaki laini, na kama umebakiwa na meno yako yasugue kwa dawa yenye floraidi kuliko hata zamani, hasa yale yaliyoshikwa na vikulabu, ndiyo yanayotoboka haraka.

Wanaolala nayo kila siku wanapata fangasi kirahisi, fizi ya juu inakuwa nyekundu umbo lilelile la seti na wala haiumi. Ukiona hivyo nenda, inatibika, ila na meno yenyewe lazima yasafishwe.

Baadaye

Nenda ukaguliwe mara moja kwa mwaka hata kama hakuna kinachouma. Yakilegea yanaweza kujazwa upande wa ndani yakashika tena, na kwa wastani seti inadumu miaka 5 mpaka 10 kabla ya kuhitaji mpya. Kidonda chochote mdomoni kisichopona ndani ya wiki 2, na umeyatoa, usikiite kidonda cha meno ya bandia, kionyeshe haraka. Ukilazwa kwa upasuaji waambie manesi una meno ya kutoa, yanatolewa kabla ya dawa ya usingizi.

Yakivunjika okota kila kipande, hata kile kidogo, weka kwenye chombo peleka. Usiunge kwa supa gluu. Ile gundi sio ya kuweka mdomoni, na ukiunga vipande vikapishana hata kidogo fundi wa maabara hawezi tena kuvipanga sawasawa, kazi ambayo ingekuwa ya siku moja inageuka kuwa seti mpya.